Kamusi ya Kiebrania ya Strong mbele ya jina Shafani: tathmini kwa watafutaji wa maana za majina

Katika simu nyingi za wahubiri, za walimu wa shule ya Jumapili na za wazazi wanaowatafutia watoto majina, imo kamusi moja ya Kiebrania ambayo wengi huitumia bila hata kumjua aliyeiandika. Ni kamusi fupi iliyotungwa na James Strong, profesa wa Drew Theological Seminary huko New Jersey, Marekani, ambaye aliiweka nyuma ya itifaki yake kubwa iliyochapishwa mwaka 1890, yaani orodha ya maneno ya Biblia ya Kiingereza ya King James pamoja na aya yanamopatikana. Kwa kuwa haki za uchapishaji wa toleo hilo zilikwisha zamani, programu nyingi za Biblia huitoa bure, na tovuti zinazoorodhesha maana za majina hunakili humo, mara nyingi bila kuitaja. Tathmini hii inaipima kamusi hiyo kwa kazi moja tu, ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili tunaitegemea sana: kueleza maana na asili ya jina la mtu wa Biblia asiye maarufu. Jina nililolichagua ni Shafani.

Shafani alikuwa mwandishi wa mfalme Yosia wa Yuda. Habari zake zimo katika 2 Wafalme 22, katika mwaka wa kumi na nane wa mfalme huyo, yaani mnamo mwaka 622 KK, pale kuhani mkuu Hilkia alipokiona kitabu cha torati hekaluni akamkabidhi yeye. Ni Shafani aliyekisoma mbele ya mfalme, na mfalme akararua mavazi yake. Mtu huyu hatajwi sana mimbarani, ilhali jamaa yake inaonekana karibu kila mahali ambapo maisha ya nabii Yeremia yalikuwa hatarini. Ahikamu mwana wa Shafani alimlinda Yeremia asiuawe. Elasa mwana wa Shafani alikuwa mmoja wa wawili waliopeleka barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli. Katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani, Baruku aliwasomea watu maneno ya nabii, na Gemaria huyohuyo ni miongoni mwa waliomsihi mfalme Yehoyakimu asilichome gombo lile. Naye Gedalia, mjukuu wake, aliwekwa na Wababeli kuwa liwali wa nchi baada ya Yerusalemu kuanguka, kisha akauawa Mispa. Mzazi anayetafuta jina lenye historia njema nyuma yake angeweza kusimama hapo, na ni haki yake kuuliza jina hilo lilikuwa na maana gani kwa waliolitamka kwanza.

Utaratibu wa kutafuta ni rahisi, na kwa hilo Strong anastahili sifa bila kupunguza. Kila neno la Kiebrania na Kiaramu limepewa namba, kuanzia 1 hadi 8674, na kila neno la King James limeunganishwa na namba yake. Mtu asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania anafungua 2 Wafalme 22:3, anagusa jina la Shafani, na papo hapo anaiona namba 8227 pamoja na maelezo yake. Kabla ya hapo, kazi hiyo ilihitaji miaka ya kujifunza lugha. Hakuna chombo kingine kilichowafungulia wasomaji wa kawaida mlango wa Kiebrania kwa upana kama hiki, na wanaokibeza kwa sababu ya uzee wake wanasahau kwamba kamusi nyingi za kitaalamu zilizokuja baadaye zimelazimika kuziweka namba za Strong ili wasomaji waweze kuzitumia.

Hata hivyo, maelezo yanayotokea chini ya namba 8227 yanamwacha mtafutaji wa jina njia panda. Jambo la kwanza linaloshangaza ni kwamba mwandishi wa mfalme hana mahali pake mwenyewe katika kamusi hiyo. Maelezo yote yanamhusu mnyama mdogo wa miambani, na mtu amewekwa chini ya namba hiyohiyo bila neno lolote la kumtambulisha. Huo si utaratibu wa kamusi nzima. Katika sura hiyohiyo ya 2 Wafalme yumo Hulda, nabii mke aliyeulizwa kuhusu kitabu kilichopatikana, na jina lake lina namba 2468, tofauti na namba 2467 ya mnyama anayelingana na kicheche ambaye jina hilo limetokana naye. Yumo pia Akbori, mmoja wa wajumbe wa mfalme, mwenye namba 5907, wakati panya ana namba 5909. Kwa majina mengine mengi, Strong hueleza hata ni Waisraeli wangapi waliitwa hivyo. Kwa Shafani hakufanya hivyo, na kwa hiyo msomaji hapati msaada wowote wa kuamua kama Shafani baba yake Ahikamu ndiye pia baba wa yule Yaazania ambaye Ezekieli alimwona amesimama kati ya wazee sabini mbele ya sanamu zilizochorwa ukutani.

Jambo la pili linatokana na lugha iliyo katikati. Baada ya kila maelezo, Strong ameweka nukta mbili na kistari, kisha akaorodhesha maneno ambayo watafsiri wa King James waliyatumia. Orodha hiyo si maana ya neno. Ni kumbukumbu ya namna lilivyotafsiriwa katika Biblia moja ya mwaka 1611. Watumiaji wengi hawalijui hilo, nao huisoma kana kwamba ndiyo fasili yenyewe. Kwa mnyama shafan, watafsiri wale walitumia neno la Kiingereza cha kale lililomhusu mnyama wa jamii ya sungura, kwa sababu mnyama halisi hakuwapo Uingereza. Ndivyo ilivyotokea kwamba orodha za majina zikaandika kwamba Shafani maana yake ni sungura. Strong mwenyewe alijua zaidi, kwani katika maelezo yake ametaja kwamba huenda ni pimbi, lakini neno hilo limefunikwa na maneno mengine, na mnakili mwenye haraka hulipita.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo nadhani hatujaithamini vya kutosha. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inamwita mnyama huyo wibari, neno lenye asili ya Kiarabu, ambako wabr ni pimbi hasa wala si sungura. Sungura ametajwa kando, katika aya inayofuata ya Mambo ya Walawi 11. Tafsiri za baadaye zimetumia pelele. Maneno yote mawili yanatufikisha kwa mnyama anayestahili, tena mnyama tunayemfahamu kwa macho, kwa kuwa pimbi anayeota jua juu ya miamba ya Ein Gedi karibu na Bahari ya Chumvi ni wa spishi ileile ya pimbi wa miambani tunayemkuta katika vilima vya mawe vya Serengeti na kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mtu aliyewahi kuwatazama asubuhi, wamejipanga juu ya jiwe huku mmoja akilinda na wengine wakijipasha moto, anaielewa Mithali 30:26 bila mfasiri: wibari ni watu dhaifu, lakini nyumba zao ziko katika miamba. Kwa jina hili, basi, ningemshauri mtu aanze na Biblia yake ya Kiswahili kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza, maana itamfikisha mahali sahihi kwa njia fupi zaidi.

Kasoro kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii, imo katika maneno machache ndani ya mabano. Strong anasema neno shafan limetokana na namba iliyo juu yake, 8226, kitenzi chenye maana ya kuficha, kisha anaongeza kwamba mnyama ameitwa hivyo kwa sababu ya kujificha kwake. Kutokana na mabano hayo, jina la Shafani limepata maana ambayo huenda mama yake hakuiwaza kamwe: aliyefichwa, aliyehifadhiwa, hazina ya siri ya Mungu. Nimezisikia tafsiri hizo zikifafanuliwa kwa hisia nyingi, na ninaelewa kwa nini zinavutia, hasa kwa mtu aliyeshika kitabu kilichokuwa kimefichika hekaluni. Uzuri wa maana, hata hivyo, hauwezi kuchukua nafasi ya ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni mwembamba. Kitenzi cha namba 8226 kinatokea kwa maana hiyo katika Kumbukumbu la Torati 33:19, panapotajwa hazina zilizofichwa mchangani, na kimeandikwa kwa herufi sin. Jina la mnyama limeandikwa kwa herufi shin. Herufi hizo mbili zina umbo moja, nazo hutofautishwa kwa nukta iliyowekwa kulia au kushoto, lakini ni sauti mbili tofauti zenye historia tofauti. Neno lenye sin halitarajiwi kuzaa neno lenye shin, kama vile katika Kiswahili hatuwezi kudai kwamba neno lenye s limetokana na neno lenye sh kwa sababu tu yamekaribiana kwa sura. Strong alizipanga sin na shin pamoja katika mfululizo mmoja wa namba, na kwa mpangilio huo 8226 na 8227 zikajikuta zimekaa bega kwa bega. Ninaamini kwamba ujirani huo wa ukurasani umefanya kazi kubwa kuliko isimu. Kamusi ya Kiebrania ya Brown, Driver na Briggs ya mwaka 1906 inazitenga herufi hizo katika sehemu mbili, na ndani yake kitenzi hicho na mnyama huyo hawakutani.

Kuna jambo jingine linalonishawishi zaidi. Waebrania wa wakati wa Yosia walikuwa na jina kamili la kusema kwamba Mungu ameficha au amehifadhi, nalo walilitumia: ni Sefania. Limejengwa kwa kitenzi tsafan, kuficha, pamoja na sehemu ya jina la Mungu, na mwenye jina hilo alitoa unabii katika siku za mfalme Yosia huyohuyo, kama aya ya kwanza ya kitabu chake inavyosema. Mzazi anayetaka mwanawe aitwe aliyefichwa na Mungu ana jina hilo tayari, la haki na la wazi, na Strong amelieleza vizuri chini ya namba 6846. Shafani ni jina la aina nyingine. Halina Mungu ndani yake wala kitenzi. Ni jina la mnyama, pimbi, na limesimama hapo lilipo bila kuhitaji kupambwa.

Tabia hii ya kulazimisha kila nomino itokane na kitenzi haikuwa ya Strong peke yake. Wataalamu wa karne ya 19 waliishi katika imani kwamba chini ya kila neno la Kisemiti kuna mzizi wa kitendo, na kwamba ukiufikia mzizi umeifikia maana. Kwa maneno mengi njia hiyo inafaa. Kwa majina ya wanyama, ya viungo vya mwili na ya ndugu wa damu mara nyingi haifai, kwa sababu hayo ni maneno ya msingi ambayo watu walikuwa nayo tangu kale. Wakati huohuo kulikuwa na kosa la upande wa pili: mwaka 1880 mtaalamu wa Uskoti, William Robertson Smith, alitumia majina kama Shafani kudai kwamba koo za Israeli ziliwahi kuwaabudu wanyama ambao ziliitwa kwa majina yao. Dai hilo halikudumu. Biblia imejaa watu wenye majina ya wanyama wasio na dalili yoyote ya ibada hiyo: Raheli ni kondoo jike, Debora ni nyuki, Yona ni hua, Sipora ni ndege. Jina la mnyama lingeweza kutolewa kwa upendo, kwa umbo la mtoto alipozaliwa, au kwa kumtakia sifa fulani, jambo ambalo halihitaji maelezo marefu kwetu tunaoishi na watu wanaoitwa Simba, au Njogu ambaye kwa Kikuyu ni tembo. Kinachogusa ni kwamba katika habari ile moja ya Yosia na kitabu, wamo watatu wenye majina ya wanyama wadogo: pimbi, panya na kicheche. Kamusi ya Strong haiwezi kumwonyesha msomaji mkusanyiko huo, kwa sababu inaeleza neno mojamoja; lakini mwenye kuzifuata namba zake kwa uvumilivu katika sura ile ataugundua mwenyewe, na kwangu hiyo ni moja ya furaha za kuitumia.

Kwa majina yenye jina la Mungu ndani yake, kamusi hii inaaminika zaidi, na katika jamaa ya Shafani yapo mengi. Azalia, baba yake, anaelezwa kuwa ni Mungu ametenga au amehifadhi; Gemaria, Mungu amekamilisha; Gedalia, Mungu amekuwa mkuu; Elasa, Mungu amefanya. Maelezo hayo ni mafupi na yana msingi, kwa kuwa vitenzi vilivyomo vinajulikana na muundo wa majina hayo ni wa kawaida. Anayetafuta maana ya jina linaloishia na -ia katika Biblia ya Kiswahili, au linaloanza na El-, anaweza kuitegemea kamusi ya Strong kama mahali pa kuanzia bila wasiwasi mkubwa. Wasiwasi uanze pale jina linapokuwa fupi, halina jina la Mungu, na maelezo yake yana neno la kusema huenda au yana mabano.

Kuna mipaka ambayo hatuwezi kumlaumu Strong kwayo, kwa kuwa alifariki mwaka 1894, kabla ya udongo wa Yerusalemu kutoa sehemu kubwa ya ushahidi wake. Mwaka 1982, katika uchimbaji ulioongozwa na Yigal Shiloh katika Mji wa Daudi, lilipatikana rundo la vibonge zaidi ya hamsini vya udongo vilivyotumika kutia muhuri hati. Hati zenyewe ziliteketea Wababeli walipouchoma mji mwaka 586 KK, lakini moto huohuo uliuoka udongo ukawa mgumu, na maandishi yakabaki. Kimoja kinasomeka: mali ya Gemaryahu mwana wa Shafan. Wataalamu wengi wanamtambua mwenye muhuri huo kuwa ni Gemaria wa Yeremia 36. Kwa mchunguzi wa majina, kibonge hicho kina thamani kubwa, kwa sababu kinamwonyesha ofisa wa serikali akimtaja baba yake kwa jina la pimbi katika hati rasmi, bila haya na bila kulirefusha. Katika mitaa yetu wapo wanaolitumia neno pimbi kumdharau mtu. Katika Yerusalemu ya wakati ule jina hilo liliandikwa kwenye muhuri. Habari hizo hazimo katika kamusi ya mwaka 1890 wala haziwezi kuwamo, na programu zinazoitoa bure hazina budi kumwambia mtumiaji kwamba anachokisoma ni elimu ya wakati huo. Chache hufanya hivyo kwa maneno yaliyo wazi.

Nieleze pia mambo machache ya matumizi. Mwongozo wa matamshi uliomo uliandikwa kwa msemaji wa Kiingereza, nao humpotosha Mswahili. Ni afadhali kuuacha kabisa na kuyasoma majina kwa irabu zetu, sha-fan, gemar-yahu, ambazo ziko karibu zaidi na Kiebrania kuliko mwongozo huo. Maelezo yote yako katika Kiingereza cha karne ya 19 chenye vifupisho vingi, na msomaji asiye na Kiingereza kizuri atahitaji mtu wa kumsaidia. Namba zimefungwa kwenye maneno ya King James, kwa hiyo anayesoma Union Version hana budi kuitafuta aya ileile katika Biblia ya Kiingereza kwanza, kisha ndipo aguse neno. Hatua hiyo ya ziada inachosha, lakini kwa majina ya watu si ngumu, kwa kuwa jina hutambulika kwa urahisi katika lugha zote mbili.

Kwa anayeuliza kama inafaa kuwa nayo, jibu langu ni ndiyo, ilimradi aitumie kwa ajili ya namba na aya kuliko kwa ajili ya fasili. Akusanye aya zote zenye jina, asome habari ya mtu mwenyewe katika aya hizo, kisha maana inayotolewa ithibitishwe katika Brown, Driver na Briggs, ambayo nayo hupatikana bure katika programu nyingi hizohizo na humtenga mtu na mnyama ipasavyo. Anayependelea kitabu cha karatasi ajiandae kubeba mzigo, kwa kuwa itifaki kamili ina kurasa zaidi ya elfu moja za maandishi madogo. Na kabla ya kulipa, aifungue nyuma ahakikishe kwamba kamusi zote mbili, ya Kiebrania na ya Kigiriki, zimo, kwa maana bila hizo atakuwa amenunua orodha ya maneno ya Kiingereza peke yake.